Pole na Kuuguza

Mgonjwa wa kiharusi aliyepooza upande mmoja akiruhusiwa kurudi nyumbani, huondoka na dawa, tarehe ya kliniki na onyo la chumvi. Atakayemnyanyua kila siku haondoki na kitu. Mara nyingi ni binti, mke au mkwe, na kazi ataijua kwa kuumia kiuno. Ndiyo maana mimi, mtaalamu wa fiziotherapia, nikifika nyumbani kwa mgonjwa naanza na anayemuuguza.

Usimvute mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na kumvuta mara moja tu ili akae kunaweza kulitegua. Kunja kanga mara mbili, ipitishe chini ya mgongo na makalio, kisha watu wawili, mmoja kila upande, wamsogeze kwa kuivuta kanga. Ukimhamishia kitini, kiti kiweke upande wake wenye nguvu. Wewe kunja magoti, nyoosha mgongo, mshike karibu na kifua chako, ugeuke kwa miguu. Mlishe akiwa ameketi wima. Akikohoa kila anywapo maji, mrudisheni hospitali apimwe anavyomeza, maana chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia.

Usiku ndio mgumu. Asiyeweza kujigeuza hulalia mifupa ileile: kifandugu, nyonga, visigino. Damu haipiti vizuri hapo, ngozi inakufa, kidonda kinachimbika. Kwa hiyo tunashauri ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili. Hesabuni wenyewe: saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, saa 12 alfajiri. Binti aliyeamka mara zote hizo ndiye anayekoroga uji asubuhi, anafua mashuka na kuandaa watoto wa shule. Akimfokea mgonjwa kisha akajifungia chooni kulia, msimwone ana roho mbaya. Mwili usiolala hufanya hivyo kwa yeyote.

Serikali nazo husaidia kiasi. Zanzibar, tangu 2016, mzee aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni. Kenya, kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii, kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni hatua njema sana, ila fedha hizo ni za mgonjwa, na sabuni na nauli ya kliniki huzimaliza. Usiku wa binti haumo.

Ndugu huja, husema pole na kuuguza, huacha matunda na bahasha, huaga. Vyote vinasaidia. Lakini kule WhatsApp mnakopanga michango ya ukoo, pangeni na zamu: Jumamosi usiku ni ya nani? Msiseme ni kazi ya wanawake. Nimewafundisha watoto wengi wa kiume kumgeuza na kumsafisha baba yao, na somo halizidi nusu saa. Liombeni wodini kabla mgonjwa hajaruhusiwa, na kaka aliyekuja na gari asisubiri nje: aingie, ashike kanga upande wa pili.