Miti ya Bustani Haihitaji Chokaa

Kila masika yanapokaribia, vikundi vinavyotaka kujitolea katika bustani za Nairobi hunijia na swali lile lile: tulete ndoo ngapi za chokaa, tuikinge miti na mchwa? Wanaouliza ni watu wema: wanafunzi, vyama vya kina mama, wafanyakazi wa ofisini walioitoa Jumamosi yao. Jibu langu halijabadilika. Msilete hata moja.

Tuanze na huyo mchwa. Makao yake ni ardhini, na akikuta chokaa shinani hujenga njia yake ya udongo juu ya chokaa hiyo hiyo, akapita ndani yake salama. Tena, udongo mwekundu unaouona umetambaa kwenye shina la mti mkubwa kwa kawaida si balaa. Mchwa wanakula gome la nje lililokwisha kufa; tabaka hai lililo chini yake hawana haja nalo. Anayeumia kweli ni mche mchanga, hasa wa mkaratusi, nao hushambuliwa mizizini, mahali ambapo brashi haifiki. Wadudu watoboao mbao hutaga mayai hata juu matawini, kwa hiyo mita moja ya weupe haiwazuii. Mvua kubwa ikinyesha, chokaa yenyewe huoshwa ikaisha.

Nikisema hivi huambiwa kwamba hata Ulaya miti hupakwa. Ni kweli, wakulima wa matunda wa nchi za baridi hupaka mashina rangi nyeupe, na wana sababu: jua la mchana wa kipupwe hulipasha gome joto upande mmoja, kisha baridi kali ya usiku huligandisha na kulipasua. Sisi tuko karibu na ikweta; kipupwe hicho hatuna. Ninakubali mchungwa au mparachichi upakwe shambani pale ulipokatwa matawi mengi kwa mkupuo na gome lililozoea kivuli likaachwa juani. Ninakubali pia mti ulio ukingoni mwa barabara, ili dereva auone usiku. Mti wa bustani uliojaa majani yake hauhusiki na lolote kati ya hayo.

Siku hizi wapo waliohamia rangi ya mafuta, eti hudumu. Gome la mti hupumua kupitia vitundu vidogo, na mgunga wa gome la njano, ambao Nairobi unao kwa wingi, hutumia hata gome lake kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuupaka rangi ni kuunyima mwanga huo. Kibaya zaidi, kwetu tunaokagua miti, rangi huficha dalili. Ufa mpya, utomvu unaovuja, uyoga unaochomoza karibu na mizizi: hivyo ndivyo vinavyotujulisha kwamba mti umeoza ndani na unaweza kuangukia watu. Mkishapaka, hatuvioni kwa urahisi.

Miti ya bustani huanza kufa kutokea ardhini. Magari huegeshwa juu ya mizizi, udongo ukashindiliwa hadi maji na hewa havipiti. Saruji humwagwa hadi shinani. Takataka huchomwa chini ya mti, matangazo hupigiliwa misumari, na majani makavu, ambayo ndiyo mbolea yake, hufagiwa kila asubuhi kwa jina la usafi. Tena bustani hizi zilipiganiwa: mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, na mwaka 1999 alijeruhiwa kichwani akitetea msitu wa Karura. Viwanja hivi vimelipiwa kwa damu, ndiyo maana naona uchungu nguvu za watu zikiishia kwenye ndoo ya chokaa.

Basi, la kufanya. Nendeni kwanza mkavifurahie viwanja hivi, kwa sababu bustani isiyo na watu hunyakuliwa upesi. Arboretum, iliyoanzishwa 1907 kujaribia miti ya kigeni, inafaa sana kwa kuwafundisha watoto kutambua miti. Karura tembeeni au endesheni baiskeli, lakini msitoke njiani. Msiwape kima chakula, hata ndizi; wakizoea mikono ya watu huwa wakali. Rudini na taka zenu. Jiungeni na chama cha marafiki wa bustani iliyo karibu nanyi. Karura na City Park vyama hivyo vipo. Ng'oeni magugu ya kigeni, ila mkiongozwa na anayeyajua. Yaacheni majani yaliyoanguka, au yatandazeni kuzunguka mche, mkiacha nafasi ya kiganja kati yake na shina. Na kabla ya kupanda mche mwingine, chukueni 20 iliyokwisha kupandwa muinyweshe kiangazi chote. Aprili wasaidizi hujaa. Februari, jua linapowaka, ndipo tunapowahitaji na madebe yao ya maji.