Chembe Zinazochelewa Kufa

Muuza ndengu wa Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, akishapima gorogoro hukunjua kiganja apokee pesa. Katika kitambo hicho hicho kuna kinachokipenya kiganja chake, mara moja au mbili kila sekunde, mchana na usiku. Hakiumi wala hakiwashi. Ni muoni, chembe yenye chaji kama ya elektroni ila nzito kuiliko mara 207 hivi.

Muoni huzaliwa kilomita kama 15 juu. Protoni zinazotoka anga za mbali huigonga hewa na kuzaa pioni, na pioni zenye chaji zikivunjika huacha muoni. Nayo muoni si ya kudumu. Ikiwa imetulia, kwa wastani huishi sehemu 2.2 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni, kisha huvunjika ikawa elektroni moja na nyutrino mbili.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Kwa muda huo hata mwanga, wenye mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, hufika mita 660 basi. Na hakuna muoni inayoushinda mwanga mbio. Ilipasa karibu zote zife njiani, juu kabisa ya mabati ya soko.

Dawa yake aliitoa Einstein mwaka 1905: kitu kikikimbia kwa kasi kubwa, saa yake huenda polepole, na kiasi chake hupatikana kwa kulinganisha nishati ya kitu hicho na ile ya kutulia. Muoni iliyotulia ina nishati ya elektronivolti milioni 106. Nyingi ya zinazotufikia huanza safari na bilioni 6 hivi. Gawanya: unapata kama 57. Ukiitazama kutoka ardhini, saa ya muoni huenda polepole mara 57, na zile mita 660 huwa zaidi ya kilomita 37. Njiani hewa huipunguzia nishati, lakini inayobaki hutosha. Muoni yenyewe, lau ingeulizwa, ingekana kuongezewa umri. Kwake ni anga iliyofinywa, kilomita 15 zikawa mita 260 hivi.

Si nadharia ya ubaoni tu. Mwaka 1941 Bruno Rossi na David Hall walizihesabu muoni katika milima ya Colorado, Marekani, wakaona zinadumu kadiri ya nishati zao. Mwaka 1977 wanasayansi wa CERN, waliozizungusha ndani ya mtambo wa duara, walitangaza kuwa umri wao ulirefuka mara 29, sawasawa na hesabu.

Pioni isiyo na chaji haina bahati hiyo. Hufa upesi mno, nishati isiweze kuifikisha popote, ikaacha miale miwili ya gama. Miale ya namna hiyo, inayotoka katika galaksi yetu, Njia ya Maziwa, ilipimwa na setilaiti SAS-2, iliyorushwa Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilinyamaza Juni 1973, umeme wake ulipoharibika.