MJUE KONOKONO WA BWAWA LAKO

Msomaji, ukienda bwawani kunywesha ng'ombe, tazama majani yaliyozama ukingoni. Utaona konokono wadogo, wengi wao hawafiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Usiwadharau. Wamo wanaobeba kichocho cha watu, na wamo wanaobeba minyoo ya maini ya ng'ombe na kondoo. Wewe mwenyewe waweza kuwatambua.

Usitie mkono majini. Okota gamba kavu lililoachwa ukingoni maji yalipopungua. Lishike ncha ikielekea juu, na mdomo wake ukikutazama. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, yumkini ni Bulinus, ambaye jamii yake hubeba kichocho cha mkojo. Ukiwa upande wa kulia, na gamba ni jembamba lenye mdomo mpana, yumkini ni Lymnaea, abebaye minyoo ya maini. Gamba lililo bapa, kama kamba iliyozungushwa, laweza kuwa Biomphalaria, abebaye kichocho cha matumbo.

Kila mmoja ana makao yake. Katika pwani yetu Biomphalaria hapatikani, kwa kuwa joto la maji lamshinda. Ndiyo maana kichocho cha Kwale na Kilifi ni cha mkojo. Lakini katika mifereji ya mpunga ya Mwea na kando ya Ziwa Viktoria, kichocho cha matumbo kimeenea.

Wala usiseme, "Bwawa lilikauka, sasa ni salama." Bulinus wa vidimbwi vya pwani hujifukia matopeni akingoja mvua.

Kumbuka, konokono hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwetu, mkojo au kinyesi kinapoingia majini. Baadaye vijidudu humtoka, hasa mchana jua likiwa kali, vikapenya ngozi ya mtu aogaye au afuaye.

Basi fanya haya:

1. Chimba choo, na watoto wasikojoe majini.
2. Maji ya kuoga yachujwe konokono, kisha yakae siku 2 chomboni kabla ya kutumiwa.
3. Zungushia bwawa ua, unyweshe mifugo katika hori. Ng'ombe hupata minyoo ya maini kwa kula nyasi za mahali penye maji.
4. Mtoto akikojoa damu, usidhani ni dalili ya kubaleghe. Mpeleke zahanati upesi. Dawa iitwayo prazikwanteli huua minyoo hiyo.

Gamba ni dogo, lakini litakuonya ni nani aliye hatarini: mtoto wako au ng'ombe wako.