Gitaa la fundi wa mtaani: Milimita chache zinazoumiza vidole vya vijana

Kutoka Goma hadi Lubumbashi, si kila gitaa linalosikika kanisani au mtaani limetoka dukani. Mengine yametengenezwa na maseremala wa mtaani: ubao ni wa hapa, na nyuzi wakati mwingine ni waya za breki za baiskeli. Sauti inaweza kuwa nzuri, lakini kuna lalamiko linalojirudia: gitaa linaumiza vidole. Kijana anajaribu wiki mbili, analitundika ukutani, na watu wanasema fundi hajui kazi.

Mara nyingi ubaya si wa gitaa lote. Nyuzi zimekaa juu mno. Kidole kinalazimika kukandamiza kwa nguvu, na uzi ukivutwa hivyo sauti yake inapanda, kwa hiyo hata gitaa lililotyuniwa vizuri linasikika vibaya. Nyuzi zikishushwa mno nazo zinagusa vyuma vya shingo na kutoa mlio wa nyuki.

Kipimo huchukuliwa kwenye chuma cha 12, ukihesabu kutoka kichwani. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, nafasi kati ya chuma hicho na uzi mnene iwe karibu milimita 2.5, na kwa uzi mwembamba karibu 2. Asiye na rula atumie kadi za benki: moja ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo tatu zilizobebana zinakaribia 2.3. Waya za breki zinahitaji nafasi zaidi, kwa sababu zote zina unene mmoja, na ule unaolegezwa ili utoe sauti nene huyumba sana.

Kabla ya kukata chochote, nyuzi zote zikazwe na kutyuniwa. Nyuzi sita za chuma huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 70, na gitaa la mtaani kwa kawaida halina chuma cha kunyoosha shingo kwa ndani. Bonyeza uzi kwenye chuma cha 1 na cha 14, kisha tazama katikati. Noti mbili au tatu za franka zikipita chini ya uzi, shingo iko sawa. Pakiwa wazi zaidi ya hapo, shingo imepinda: tumia nyuzi nyepesi au tyuni chini kidogo, na kama haitoshi, fundi aranze upya ubao wa shingo.

Hatua ya pili ni kipande cha mfupa kilicho kichwani. Bonyeza uzi kwenye chuma cha 3: juu ya chuma cha 1 noti moja ipite kwa shida. Nafasi ikiwa kubwa, mfereji wa uzi huo uongezwe kina kwa tupa nyembamba, polepole. Hatua hii ina uzito kwetu, kwa sababu mtindo wa Katanga wa kidole gumba na cha shahada, ambao Mwenda wa Bayeke alirekodiwa nao na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, hupigwa sana karibu na kichwa.

Mwisho ni mfupa wa kwenye daraja. Chuma cha 12 kiko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita 1 pale, punguza milimita 2 kwenye mfupa. Mfupa utolewe na usuguliwe upande wa chini, juu ya msasa (papie-vere) uliolazwa kwenye kioo. Sugua kidogo, rudisha nyuzi, pima, rudia. Ukizidisha, weka kibanzi cha mbao ngumu chini yake au chonga mfupa mwingine wa ng'ombe.

Kazi yote inaweza kuchukua nusu siku, na vifaa vyake viko katika atelie nyingi za maseremala. Kwa fundi, nusu siku hiyo ndiyo inayotofautisha mteja atakayemletea wengine na yule atakayerudisha gitaa. Na mnunuzi, kabla ya kutoa franka zake, ana haki ya kuomba jambo moja tu: nyuzi zikazwe, kisha zipimwe kwenye chuma cha 12 mbele yake.