Kigugumizi na Sisi Tunaosikiliza

Kwenye daladala, neno "shusha" lina wakati wake. Ukilitoa mapema kidogo, konda anagonga bodi na gari linasimama kituoni. Ukichelewa sekunde mbili tatu, umeshapitishwa. Kijana mwenye kigugumizi analijua hilo kuliko abiria yeyote. Anaanza kujiandaa vituo viwili kabla. Kituo chake kinapokaribia anafungua kinywa, ulimi unakaa mahali pake, pumzi ipo, neno lenyewe analo, ila sauti haitoki. Shingo inakaza, jicho moja linafumba. Kituo kinapita. Neno likija kutoka limetoka la kuvutwa, "sh-sh-shusha", na siti za nyuma kuna anayecheka. Wapo waliokwisha kuamua kushuka popote atakaposhuka mtu mwingine, kisha warudi kwa miguu.

Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba mtu mmoja kati ya mia ana kigugumizi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini Tanzania. Kwa kiwango hicho tunazungumzia watu wapatao laki sita. Hao ni wengi mno kwa jambo ambalo kwetu hutajwa kwa minong'ono na vicheko tu. Miongoni mwa watoto ni wengi zaidi: takriban watano kati ya mia hupitia kigugumizi, mara nyingi kati ya umri wa miaka miwili na mitano, pale maneno yanapoanza kuungana kuwa sentensi. Kama robo tatu yao huachana nacho, na wengi hawakumbuki hata kwamba waliwahi kukwama. Wasichana huachana nacho zaidi ya wavulana, ndiyo maana ukubwani wanaume wenye kigugumizi ni kama wanne kwa kila mwanamke mmoja.

Mtoto akianza kukwama, nyumbani hutafutwa mkosaji. Alitekenywa mno alipokuwa mchanga. Alimwiga jirani, ikamganda. Alishtuliwa usiku. Mama yake alimfokea. Nimeyasikia hayo yote kwa watu wenye nia njema kabisa, na hakuna hata moja lililothibitika. Wazungu nao walimtafuta mkosaji, wakaukamata ulimi. Mwaka 1841, mjini Berlin, daktari wa upasuaji Johann Friedrich Dieffenbach aliwakata wagonjwa wake kipande cha nyama kwenye shina la ulimi, akiamini atalegeza mkazo. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Na ulimi haukuwa na kosa. Mwenye kigugumizi ana ulimi, midomo na koo zima kama za mtu mwingine yeyote, kwa hiyo hata kukata kamba iliyo chini ya ulimi wa mtoto, jambo ambalo wazazi bado hushauriwa, hakumwondolei kigugumizi.

Kiini chake kiko ubongoni, kwenye kuanzisha mwendo na kuupa majira. Ili neno moja litoke, misuli ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo inapaswa kupokezana kazi kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Katikati kabisa ya ubongo kuna kundi la viini vinavyosaidia kutoa ishara ya kuanza na ya kusonga kwenye silabi inayofuata. Viini hivyo ni kama mpiga ngoma kiongozi: wachezaji wanazijua hatua zao zote, lakini hakuna anayenyanyua mguu mpaka ngoma ilie. Kwa mwenye kigugumizi, ngoma hiyo huchelewa, au hulia silabi moja mara tatu. Picha za MRI zimeonyesha pia kwamba njia za neva za upande wa kushoto, zinazounganisha sehemu za kusikia na za kutamka, huwa na muungano hafifu kidogo, na upande wa kulia hufanya kazi kupita kawaida.

Kwamba kigugumizi hufuata ukoo, wazee wetu walishaliona zamani. Mwaka 2010 timu ya mtafiti Dennis Drayna wa Marekani, iliyokuwa imechunguza familia kubwa za Pakistan, ilitangaza jeni tatu zinazohusika nacho. Mwaka 2015 ukoo mmoja mkubwa wa Cameroon ulisaidia kuipata ya nne. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kazi ya jeni hizo: zinahusika na usafirishaji wa vitu ndani ya seli, vikiwemo vimeng'enya vinavyosafisha taka za seli. Mwaka 2016 wanasayansi wa mjini St. Louis waliweka kasoro ya moja ya jeni hizo kwa panya. Vitoto vya panya hao vilipotenganishwa na mama yao vikaanza kulia, vilio vyao vilikuwa na mapengo marefu kuliko vya panya wengine. Panya hao hawakufokewa na mtu wala hawakumwiga jirani. Na mwaka 2025, utafiti uliolinganisha vinasaba vya zaidi ya watu milioni moja ulibainisha sehemu 57 zinazohusiana na kigugumizi. Mama wa mtoto anayekwama anastahili kuambiwa habari hizi waziwazi, ili aache kujilaumu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kigugumizi hakitulii. Mtoto yule yule anayekwama kwenye jina lake huimba kwaya ya Jumapili bila kusita, au husoma Kurani madrasa kwa sauti iliyonyooka, aya baada ya aya. Darasa likisoma ubaoni kwa pamoja, yumo na wenzake mstari kwa mstari. Mwalimu akisema, "Haya, sasa soma wewe peke yako," anakwama neno la kwanza. Akiwa machungani na mbuzi wake, anaongea nao vizuri tu. Mwalimu anahitimisha kwamba mtoto anajifanya, na fimbo inafuata. Maelezo ya watafiti wengi yanarudi kwenye majira yale yale: mahadhi ya wimbo na ya kisomo, na sauti za wenzake, humpa msomaji mdundo kutoka nje, asiungoje ule wa ndani ya ubongo unaochelewa. Hofu haizai kigugumizi, lakini hukizidisha, na kusimamishwa peke yako mbele ya wenzako hamsini ni hofu tosha.

Hapa ndipo tunapoingia sisi tunaosikiliza, na kuna kisa kimoja ambacho kila mzazi na kila mwalimu angepaswa kukijua. Kilitokea Davenport, katika jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1939. Profesa Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, aliamini kwamba tatizo huanzia kwenye sikio la mzazi: mtoto hukwamakwama kama watoto wote, mzazi anaingiwa na wasiwasi, anamkosoa kila mara, na mtoto anageuka mwenye kigugumizi. Ili kuipima fikra hiyo, mwanafunzi wake Mary Tudor alikwenda kwenye kituo cha yatima, wakachaguliwa watoto 22. Sita kati yao walikuwa wakizungumza vizuri tu, lakini waliambiwa kwamba dalili za kigugumizi zimeanza kuonekana kwao, kwamba wazizuie haraka, na kwamba ni heri wanyamaze kuliko kusema kitu wasichoweza kukisema sawasawa. Walezi wa kituo nao wakaagizwa wawarekebishe kila wakiteleza. Mambo yakaenda hivyo kwa miezi kadhaa.

Watoto hao hawakupata kigugumizi. Wataalamu waliozipitia upya kumbukumbu zile miongo sita baadaye hawakuona ushahidi kwamba kuna aliyekipata, na nadharia ya Johnson haikusimama. Lakini watoto walibadilika. Waliokuwa wachangamfu wakaanza kujibu kwa neno moja moja, wengine wakawa wazito kufungua kinywa, na masomo ya baadhi yao yakashuka. Tudor mwenyewe alirudi kituoni kujaribu kuwaondolea maneno aliyokuwa amewapandikiza. Andiko lake halikuchapishwa; lilibaki maktabani hadi gazeti la San Jose Mercury News lilipokifichua kisa hicho mwaka 2001, na chuo kikuu kikaomba radhi. Mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wahanga na familia zao.

Kwangu, hilo ndilo somo zito kuliko yote katika sayansi hii. Kigugumizi hakiletwi na msikilizaji. Ukimya ndio unaoletwa naye.

Na ukimya huo una sura nyingi, nyingine hazionekani kabisa. Mwenye kigugumizi aliyezoea kujificha hubadilisha maneno haraka kuliko unavyoweza kugundua. Kwa mama ntilie alitamani pilau, ameona "p" inakaza midomo, ameagiza wali maharage. "Kesho" ikikataa anasema "siku inayofuata". Darasani jibu analo, na anasema, "Sijui, mwalimu," kwa sababu "sijui" ilikuwa tayari na jibu halikuwa tayari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi na wenzake miaka wasijue kwamba ana kigugumizi. Wanamwona mpole tu.

Lakini yapo maneno yasiyo na mbadala, na katika maisha yetu ni mengi. Jina lako halina mbadala. "Hodi" haina. "Shikamoo" ndiyo kabisa. Mtoto anayekutana na mzee njiani ana nafasi fupi mno ya kuitoa shikamoo yake. Ikikwama, mzee haoni sauti iliyokwama, anaona mtoto asiye na adabu, na habari inamfikia baba kabla jua halijazama. Wapo watoto wanaozunguka njia ya mbali ili wasikutane na wazee wanaowapenda na kuwaheshimu. Kwenye simu ni vigumu zaidi, maana huko hata uso unaojitahidi hauonekani. Anayepokea anasikia kimya, anasema, "Haloo? Haloo? Mtandao gani huu!" na anakata, ilhali upande wa pili mtu alikuwa katikati ya kutaja jina lake.

Wasomaji wa Kurani na wa Biblia wanakijua kisa cha Nabii Musa. Katika Kurani aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wamfahamu, na akaomba ndugu yake Haruni awe msaidizi wake. Katika Biblia alimweleza Mungu kwamba yeye si msemaji. Kisa hicho husimuliwa sana kuwapa moyo wenye kigugumizi, na ni vema. Mimi humtazama zaidi Firauni. Kurani inasimulia kwamba alipotaka kumshusha Musa mbele ya watu wake, mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba mtu huyu hawezi hata kusema wazi. Ujumbe wenyewe aliuacha. Usaili wa kazi katika ofisi nyingi bado unaendeshwa kwa kipimo hicho: mwombaji wa kazi ya uhasibu anakwama kwenye jina lake, na jopo linaandika "hajiamini" kabla hajaulizwa swali hata moja la hesabu.

Kwa mtu mzima hakuna kidonge wala upasuaji unaokiondoa kigugumizi. Tiba ya usemi inaweza kukipunguza na, muhimu zaidi, kumpunguzia mtu woga wa kukwama. Charles Van Riper, mtaalamu wa jimbo la Michigan aliyeishi na kigugumizi, aliwafundisha watu kukwama kwa ulegevu bila kupambana, hata kukwama kwa makusudi mbele ya watu ili aibu ivunjike. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alianza mazoezi na mtaalamu wa usemi Lionel Logue mwaka 1926, kabla hajawa mfalme. Katika hotuba yake ya redio ya Septemba 3, 1939, siku nchi yake ilipoingia vitani, alikuwa bado akisema kwa vituo virefu. Kigugumizi hakikumwacha, alijifunza kusema nacho.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita matumaini ni makubwa zaidi. Mpango wa Lidcombe, ulioanzia Sydney, Australia, humfundisha mzazi namna ya kumsifu mtoto kwa maneno yaliyotoka laini, na mara chache tu, kwa upole, kugusia yaliyokwama. Mtaalamu huongoza, mzazi ndiye anayetibu, nyumbani, kila siku. Kwetu wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kimewafundisha baadhi yao, lakini mzazi anayeishi wilayani anaweza asimpate hata mmoja aliye karibu. Hata hivyo, mtoto aliyekwama kwa miezi sita au zaidi, au mwenye ndugu wenye kigugumizi, au aliyeanza kukaza uso na kuogopa kusema, anafaa apelekwe hospitali ya rufaa aulizwe mtaalamu huyo. Kumsubiri tu akue si ushauri wa kila mtoto.

Kuna yanayowezekana leo bila mtaalamu. Usimmalizie mtu neno lake: mara nyingi utalikosea, na hata ukilipatia, umemnyang'anya. Usimwambie "tulia" wala "vuta pumzi", maana hajashindwa kutulia wala kupumua. Mtazame kama unavyomtazama mtu mwingine, ungoje, kisha ujibu kile alichosema. Mzazi, punguza kasi ya maneno yako mwenyewe badala ya kumwambia mtoto apunguze yake, na usikubali nduguze wamwigize mezani kwa kisingizio cha utani.

Mwalimu, kwako nina ombi. Mwite mwanafunzi huyo pembeni, mbali na wenzake, umwulize angependa zamu yake ya kusoma kwa sauti iweje: asome wa kwanza kabla hofu haijapanda, asome pamoja na mwenzake, au kwa wiki hii apumzishwe. Wengine watakuambia wanataka kusoma kama wanafunzi wengine wote, wakwame watakavyokwama. Ukiambiwa hivyo, mpe nafasi yake, na uhakikishe darasa zima linamsikiliza mpaka amalize.