Kiti cha komini ni cha nani?



Siku moja nyuma ya ibada, shemasi mmoja hapa Sandoa alinishika mkono, akasema: «Pasta, uniombee. Siku kura ya komini itafika kwetu, nataka kiti. Na siye watu wetu tutakula.» Nilimwombea. Lakini neno lile «watu wetu» lilinikosesha usingizi.

Wewe unayesoma, unajua kiti hicho ni nini? Kwa sheria ya Oktoba 2008, wananchi wanachagua washauri wa komini, na washauri wanachagua burgumesta na musaidizi wake. Burgumesta anatumika, baraza linapitisha bajeti na kumuuliza hesabu. Desemba 2023 kura hiyo ilipigwa katika komini za miji mikubwa ya majimbo, kama Dilala na Manika kule Kolwezi. Sisi wa Sandoa hatukuipiga.

Na feza iko. Sheria ya madini ya 2018 inasema hivi: katika kila franka 100 za malipo ambayo kampani inatoa kwa Leta juu ya shaba na kobalti inayouzwa, 15 ni za komini, sekta ao shefferi ambamo mugodi uko. Hiyo ni maji, madaraja, masomo, dispansari. Washauri wakisinzia, inapita kama maji katika kitunga.

Lakini kuna hatari kupita wizi. Desemba 1957, chini ya Wabelji, wanaume wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) walichagua viongozi wa komini mara ya kwanza. Wengi wa waburgumesta Waafrika walikuwa wazaliwa wa nje ya Katanga. Wenyeji waliona wamenyanganywa nyumba yao, na mwaka wa 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa. Nyuma, kiongozi wake akawa Moïse Tshombe, mwana wa Musumba, jirani zetu. Kiti kilihesabiwa kuwa mali ya kabila, pande zote mbili. Chuki ile haikufa. Mwaka wa 1992 na 1993 Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Jamaa nzima zililala kwenye stasyo za treni, na watoto walikufa pale. Wengi walikuwa wakristo, na waliowafukuza vilevile.

Hapa kwetu Walunda na Watshokwe tunachota maji kisima kimoja, tunazika pamoja. Je, kura ije kututenga?

Soma Nehemia sura ya 5. Alikuwa gavana wa Yuda miaka 12, na hakukula posho ya ugavana, sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Alijenga ukuta pamoja nao. Huyo ndiye burgumesta ninayemuombea kila mji mudogo.

Basi, ndugu na mama, siku mtu atakapokuja na chumvi na kitambaa cha kura, umuulize mambo matatu: Utatusomea hesabu mbele ya watu wote? Kisima cha mtaa usio wa kabila yako utakitengeneza? Ukishindwa kura, utamsalimia aliyeshinda?

Shemasi wangu nilimuuliza hayo. La kwanza alijibu mbio. La pili alijibu polepole. La tatu angali analifikiri, na mimi ningali ninamuombea.