Mrihani wa bustanini na mchuzi wa Genoa

Katika bandari ya Genoa, nchini Italia, mrihani hautungwi kikuba. Hupondwa ukawa mchuzi mzito uitwao pesto, jina litokanalo na neno la Kiitalia lenye maana ya kuponda.

Ndugu askari mwenye kibustani aweza kuutengeneza bila moto. Achume majani machanga kabla mmea haujachanua, ayaoshe na kuyakausha. Kinuni hutangulia kitunguu saumu na chumvi ya mawe, kisha majani, mbegu za msonobari au korosho, na jibini ngumu iliyokunwa. Mwisho humiminwa mafuta ya zeituni. Mchuzi huu haupikwi, bali huchanganywa na makaroni yaliyokwisha kuiva.

Hata hivyo, tahadhari yapasa. Kitunguu saumu kilichozama katika mafuta na kuachwa penye joto chaweza kuzalisha sumu ya botulizimu. Sumu hiyo hulegeza hata misuli ya kupumulia, wala haina harufu ya kumwonya mlaji. Chupa moja yaweza kukiangusha kikosi kilacho pamoja. Basi, utengenezwe wa kutosha mlo mmoja. Utakaobaki uwekwe katika jokofu na kuliwa kwa siku mbili tatu, au ugandishwe.